Shajara ya Extra ya sisi (cc) 55: chini inanguruma, juu inazimika

Jumamosi ya kwanza

Boksi limefika. Wiki tano limezunguka huko lilikozunguka, nimelipia na ambavyo sikutegemea kulipia, basi, yameisha. Ni ndege ya rimoti, Extra 300 ya mabawa inchi 85, yaani mita 2 na sentimita 16 toka ncha mpaka ncha, na sebuleni haikai bila kuhamisha kochi. Mama watoto kauliza swali moja tu, "na hii unaenda kuitundika wapi?" nikajifanya nasoma karatasi ya maelekezo.

Extra yenyewe halisi ni ndege ya sarakasi ya Mjerumani Walter Extra, iliruka mara ya kwanza 1988. Watu wa rimoti wanaiiga sana kwa sababu bawa lake mgongo na tumbo vimefanana, kwa hiyo ikiwa chali inaruka karibu sawa na ikiwa imekaa kawaida. Ndo raha yake.

Injini ninayo toka mwaka jana, nilichukua kwa mtu. Silinda moja, tuu stroki, sisi 55 (cc, yaani ukubwa wa silinda), kwenye maelezo wameandika farasi 5 na nusu. Ni kama nusu ya bodaboda ya 125, ila bodaboda ina kilo mia na ushee na hii ndege yote ikiwa na petroli haifiki kilo 8. Piga hesabu mwenyewe.

Mbona petroli na siyo betri? Betri za ukubwa huu zinatakiwa seti mbili tatu ili ufaidi siku moja uwanjani, na kila seti ni hela ya kulia. Petroli sheli ipo.

Jumapili, ukuta wa injini

Ukuta wa mbele wa plaiwudi umechapwa alama za msalaba, unaambiwa ufungie hapo. Injini haikai katikati kabisa ya ukuta, kiwandani wameelekeza ukuta kulia kidogo, kama digrii 2, ili propela isiivute ndege kushoto, na kwa sababu hiyo kitovu cha injini lazima kisogee upande wa pili ndo shafti itokee katikati ya boneti. Nayajua haya. Nimeyasoma. Nikatoboa matundu manne ya boliti za M5 (unene milimita 5) vizuri kabisa, nikafunga nguzo za alumini, nikavalisha boneti, koni ya propela ikatokea pembeni milimita 6.

Nilikuwa nimegeuza karatasi. Kushoto kwa rubani siyo kushoto kwa mtu aliyesimama mbele ya pua.

Nimeziba matundu kwa vijiti vya mninga na epoksi, nimeacha usiku kucha, nimetoboa upya. Safari hii nilianza kwa kufunga boneti mahali pake, nikakata duara la kadibodi, nikaliweka kati ya koni na boneti kama kipimo, ndo nikaweka alama. Nafasi milimita 3 pande zote. Ningeanza hivyo toka mwanzo mninga wa watu ungebaki salama. Boliti zote za injini zina gundi ya nati ile ya bluu, usiache hata moja, silinda moja inatikisika kuliko unavyodhani.

Wiki ya pili, tenki na mabomba

Tenki la mililita 500, linanipa dakika 10 na kidogo za sarakasi. Hapa kuna mambo matatu na yote nimeyakosea.

La kwanza, bomba la silikoni lile la ndege za mafuta ya methanoli haliwezi petroli, linavimba kisha linakuwa kama ubuyu uliolowekwa. Lazima bomba la petroli. La pili, nikaenda duka la spea za bodaboda nikachukua bomba lao la petroli, zuri, imara, bei chee, nikaliweka mpaka ndani ya tenki. Kosa. Ndani ya tenki kuna kichwa kizito cha kufyonzea kwenye ncha ya bomba, kazi yake ni kufuata petroli inakoenda, ndege ikiwa chali kianguke juu, ikishuka wima kije mbele. Bomba la bodaboda ni gumu, kichwa kimekaa palepale kama mgeni wa heshima. Nimebadilisha, nimeweka lile la njano laini, nalitikisa tenki nasikia kichwa kinagonga huku na huku. Nje ya tenki lile gumu linafaa tu.

La tatu bomba la kupumulia. Lizungushe juu ya tenki kwanza ndo litoke chini ya tumbo, la sivyo ndege ikikaa pua chini inajikojolea petroli yote nyasini.

Oili. Hapa nilibishana na mzee mmoja fundi wa boti, tunaheshimiana sana na ndiye aliyenifundisha kushika spana. Nikamwamkia, nikamwambia nataka oili ya tuu stroki, akanipa ya injini za boti. Nikamwambia mzee wangu hii haifai, akacheka, "mwanangu, tuu stroki ni tuu stroki." Kwa boti sawa, ile oili ya boti, ile imeandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Yangu inapozwa na upepo, silinda inakuwa moto zaidi kwa mbali, inataka oili ya injini za hewa, angalia kama kopo limeandikwa JASO FC au FD. Nimepata kwa wauza chenso. Nachanganya mililita 160 kwa lita 5, inakuja kama 31 kwa 1. Mzee bado anaona najidekeza.

Wiki hiyohiyo, moto wa plagi

Nyuma ya propela, kwenye kitovu, kuna sumaku ndogo, na kwenye mwili wa injini kuna kihisio. Sumaku ikipita kihisio kinaliambia boksi la ignisheni lipige cheche. Hakuna cha kurekebisha kama kiwandani wamefunga sawa. Betri ya ignisheni nimeitenga na ya risiva, kile kiboksi kinachopokea amri za rimoti, na katikati nimeweka swichi ya kuzima kwa rimoti, maana siku sevo ya kabureta, kile kimota kinachovuta fimbo yake, ikikwama imefunguka utafurahi kuwa na njia nyingine ya kuizima hiyo kitu.

Boksi la ignisheni lipo mbele kabisa, risiva nimeipeleka nyuma karibu na mabawa, sentimita 35 kati yao. Fimbo ya kabureta ni ya plastiki, siyo waya, chuma kikisuguana na chuma kwenye injini inayotetemeka kinatoa kelele za redio, na waya ukitoka kwenye injini unabeba kelele hizo mpaka kwenye sevo. Watu wanasema mitambo ya 2.4 gigahezi haisumbuliwi. Inasumbuliwa kidogo, siyo haisumbuliwi.

Nikapima umbali wa rimoti injini ikiwa imezimwa, safi. Baadae injini ikiwa inaunguruma eleroni ya kulia, kile kibao cha kulazia ndege nyuma ya bawa, ikawa inacheza kama ina degedege. Saa nzima nahangaika na nyaya, kumbe kofia ya plagi haijakaa mpaka chini. Ile kofia ina ganda la chuma linalotakiwa kubana kwenye mwili wa plagi, likilegea cheche inakuwa kituo cha redio. Nimeisukuma ikalia klik, eleroni ikatulia.

Jumamosi ya tatu, kuiwasha

Mkia umefungwa kamba kwenye bampa ya gari na mpwa wangu kashika mabawa kwa nyuma, glovu ya ngozi mkono wa kulia. Propela ya mbao 22x8, ile 22 ni inchi za ncha mpaka ncha. Sitanii kwenye hili, propela ya ukubwa huu haikati kidole tu, inachukua mkono.

Choki imefungwa, ignisheni imewashwa, kabureta imefunguliwa kidogo, unapiga propela mpaka uisikie imekohoa mara moja. Ikikohoa fungua choki, piga tena. Ya tano ikashika. Mpwa akapiga kelele kuliko injini.

Sindano mbili za kabureta, yaani skrubu za kupimia petroli, moja ya mwendo wa chini moja ya mwendo wa juu, nilianza zote mzunguko 1 na nusu toka zimefungwa. Ya juu unairekebisha ikiwa imefunguliwa mwisho, unafunga taratibu mpaka mzunguko wa propela uache kupanda, halafu unarudisha kidogo, unakubali kupoteza mizunguko 200 au 300 kwa dakika ili injini ipate petroli ya ziada, petroli ndo inabeba oili. Ya chini ni kwa sailensa, yaani injini ikiunguruma polepole bila kupewa mafuta, na kwa ile kushtua, ukifungua ghafla isisite. Na ukigusa moja nyingine inahama, kwa hiyo unazunguka mara mbili tatu. Nimeishia mizunguko 6,900 mwisho, sailensa 1,500. Ukiishtua inaruka kama paka.

Lita mbili nzima nimezichoma pale chini bila kuruka. Baada ya hapo nimekaza tena boliti za propela, mbao inabonyea, zilikuwa zimelegea robo mzunguko zote sita.

Safari ya kwanza, kiwanja cha kule Bagamoyo

Mita 40 na ipo hewani. Nimezunguka mara mbili, nimeilaza chali, haitaki hata kusukumwa, inaenda tu. Nikaifungua mwisho nikaipandisha wima. Kwenye mita kama 150 sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, kama mtu anayeishiwa pumzi kwenye ngazi, halafu kimya.

Kimya cha ndege ya kilo 8 hewani ni kimya kibaya sana. Nimeilaza pua, nimeirudisha, imetua nyasini nje ya kiwanja, gurudumu moja limepinda. Mpwa kaja mbio, "mjomba, umeizima mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Tumeiwasha palepale. Imeshika kwa pigo la pili, 6,900, mwisho wa rimoti, dakika nzima, haitetereki. Nikairusha tena. Imezimika tena, safari hii kwenye mwendo wa kawaida wa kasi, dakika ya pili.

Wiki ya tano mpaka ya saba, nikimfukuza mchawi

Naweka haya yote pamoja maana ni aibu.

Nilifungua sindano ya juu robo mzunguko. Hewani ikawa nafuu, chini ikawa inatoa moshi kama jiko la makuti na kukwamakwama. Hapa ndipo ningepaswa kusimama nifikiri, injini hiyohiyo, sindano hiyohiyo, chini inashiba hewani inakufa njaa, maana yake kuna kitu kinabadilika ikiruka, siyo sindano. Sikusimama. Nikaendelea kuzungusha bisibisi.

Halafu nikakuta matope kwenye bomba la kupumulia. Nyigu! Wiki mbili ndege ilikaa stoo na nyigu kajenga nyumba kwenye tundu la milimita 4. Nikasema haya, mchawi kapatikana, tenki halipumui, linajinyonya lenyewe. Nikasafisha, nikaenda uwanjani nikiwa na raha zote, ikazimika dakika ya pili na nusu. Nyigu alikuwa na kosa lake ila siyo hili. Sasa hivi naziba bomba hilo kwa kijiti kila nikirudi.

Nikabadilisha plagi, ikazimika. Nikachaji betri ya ignisheni na nikapima volti kila baada ya ruka, ziko sawa, ikazimika.

Nikaipeleka kabureta kwa fundi wa chenso. Kabureta hizi ni aina ya Walbro, ukoo mmoja na za misumeno ya miti, ndo maana fundi wa chenso anaijua kuliko fundi wa ndege yeyote. Kaifungua kwenye meza yake ya mafuta dakika kumi, kichujio cha ndani kisafi, utando haujakakamaa, kiwiko kiko usawa. Akanirudishia, "bosi, hii haiumwi. Mgonjwa yupo nyumbani." Shilingi elfu tano na ushauri bora niliopata mwaka huu.

Jumapili ya nane

Nikairusha bila boneti. Inatisha kuitazama, nyaya nje, boksi nje, kama kuku aliyenyonyolewa. Dakika kumi na moja. Wima mwisho wa rimoti mara sita, chali, kuviringika kila upande, kuning'inia kwa propela, yaani pua juu imesimama hewani, nusu dakika. Haijakohoa hata mara moja.

Nimerudisha boneti, nikarusha. Dakika mbili, kimya.

Haya, ni boneti. Nikasema joto. Boneti kubwa, hewa inaingia mbele inapita pembeni ya silinda inatoka bila kugusa mapezi, kawaida sana kwenye ndege hizi. Nikatengeneza kizuizi cha kadibodi kwanza, nikahakikisha umbo, nikakata cha balsa, ule ubao mwepesi, sasa hewa yote lazima ipite katikati ya mapezi ya silinda, na tundu la kutokea chini nikalipanua liwe kubwa zaidi ya mara mbili ya la kuingilia, maana hewa moto imevimba inataka mlango mkubwa. Kazi nzuri, naipenda mpaka leo na silinda imepoa kweli. Injini ikazimika dakika ya tatu.

Usiku nimekaa na kabureta mkononi. Nikaangalia kile kifuniko ambacho fundi alikifungua. Kina tundu dogo katikati, kama la sindano ya kushonea.

Kabureta hii haina boya kama ya pikipiki, boya lingefanya kazi gani ndege ikiwa chali. Ina tando mbili. Mmoja ni pampu, unasukumwa na mapigo ya presha toka ndani ya kranki. Wa pili ni mpimaji, upande mmoja una petroli, upande mwingine una hewa, na hiyo hewa inaingia kwa lile tundu dogo. Injini ikinyonya, utando unabonyea upande wa petroli, unasukuma kiwiko, kiwiko kinafungua mlango, petroli inaingia. Kwa hiyo utando unalinganisha: kwenye koo la kabureta presha ikoje, na kwenye tundu presha ikoje. Ndege ikiwa ardhini chini ya mwembe, hewa ya boneti imetulia, pande zote mbili ni hewa moja, hesabu inatoka sawa. Hewani kwa kasi kubwa ndani ya boneti kuna tufani, na upepo ukipita kwa kasi juu ya tundu unanyonya hewa nje ya chumba. Utando unazuiwa kubonyea, mlango unafungwa kidogo, petroli inapungua. Sauti nyembamba, halafu kimya.

Mwezi na nusu nimezungusha sindano kurekebisha upepo.

Jumamosi ya tisa

Dawa yake ni ndogo mpaka inaudhi. Nimefungua kifuniko, nimekitoa utando wake kwanza usiungue, nimechomelea kwa risasi kipande cha bomba la shaba juu ya lile tundu, urefu sentimita 2, kipenyo milimita 3. Risasi isizibe tundu, pitisha waya wakati inapoa. Nimevalisha bomba la petroli, nimelipitisha ukutani mpaka ndani ya mwili wa ndege, nyuma ya tenki, ambako hewa imelala. Ncha nimeiwekea kipande cha sponji, sababu ni nyigu.

Sindano ya juu nimeirudisha kama ilivyokuwa siku ya kwanza kabisa. Boneti imefungwa, boliti zote.

Dakika kumi na moja tena. Nilipoipandisha wima nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nasubiri ile sauti. Ikapita mita 150, ikapita 200, nikaikatia mwenyewe maana ilikuwa inakuwa nukta. Mpwa hakusema kitu, akanipa chupa ya maji.

Wiki ya kumi na moja, Arusha

Tulipanda nayo kwa rafiki, mabawa kwenye blanketi. Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini ya Dar ikifika kule inakula petroli ileile kwa hewa pungufu. Moshi, kukwamakwama, sailensa imekaa kiulevi. Safari hii sikuogopa bisibisi maana nilijua kilichobadilika ni nini, nimefunga ya juu kama moja ya nane ya mzunguko na ya chini chini ya hapo, ikatulia. Nguvu imepungua hata hivyo, kuning'inia kwa propela ambako pwani nafanya kwa robo tatu ya rimoti kule nilikuwa karibu na mwisho, na hilo sindano haiwezi kulirudisha. Tukarudi Dar nikasahau kuzifungua tena, nikakumbuka nikiwa nimeshaweka mkono kwenye propela. Nimezifungua, na nimeandika namba zote mbili kwa kalamu ya maka ndani ya boneti, Dar na Arusha.

Jana

Ruka nne, hakuna iliyozimika. Betri ya ignisheni inabaki zaidi ya nusu baada ya siku nzima. Propela ya mbao nimeitoa, nimeweka ya kaboni 22x8, nyepesi zaidi na injini inashtuka haraka, ila ikigusa ardhi ya kaboni haivunjiki peke yake kama mbao, inaweza kuondoka na shafti, kwa hiyo ya mbao naibakiza kwa siku mpwa atakapoanza kutua mwenyewe. Ameshaomba. Nimemwambia kwanza amalize mwezi na ile ndogo ya povu.

Boliti moja ya mafla haipo, imebaki huko Bagamoyo kwenye nyasi. Ndiyo pekee ambayo sikuiweka gundi, nilijua ile ya bluu haihimili joto la mafla nikasema nitatafuta ile ya joto kali, sikutafuta. Kesho nakwenda Kariakoo, M5 ya milimita 20, na washa za kubana, na gundi yenyewe.